Jibu: Sanamu ndogo za askari jijini London

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kutenga nusu siku ya safari yako ya London kwa ajili ya sanamu ndogo za askari katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi, mtaani Chelsea. Inafaa, tena kiingilio ni bure.

Anza na kielelezo, yaani mfano mdogo wa uwanja, cha vita vya Waterloo huko Ubelgiji, ambako Napoleon wa Ufaransa alishindwa; kiliundwa na Kapteni William Siborne, ambaye mwaka 1830 aliishi miezi kadhaa kwenye uwanja wenyewe akiupima, kisha akawaandikia maofisa walionusurika kuwauliza vikosi vyao vilisimama wapi mnamo saa moja jioni ya tarehe 18 Juni 1815. Kilionyeshwa mwaka 1838, kikiwa na sanamu zaidi ya 70,000 za askari zilizotengenezwa kwa madini ya bati na risasi. Wellington, jemadari wa Waingereza katika vita hivyo, hakuridhika na nafasi kubwa waliyopewa Waprusia, washirika wake kutoka Ujerumani, na Siborne akaja kupunguza sanamu zao. Kwangu mimi, mvutano huo unavutia kuliko sanamu zenyewe.

Inama hadi macho yalingane na vilima, maana ukitazama kutoka juu utaona umati tu. Na kabla ya kusafiri, pita hapa kwetu Mombasa, kwenye ngome ya Fort Jesus, utembee juu ya kuta zilizozingirwa kuanzia 1696 hadi 1698.