Niuze DSLR yangu nihamie kwenye kamera isiyo na kioo?

Swali: Habari fundi. Nina Nikon D7200 na lenzi mbili, 50mm f/1.8D na 35mm f/1.8G. Napiga harusi na mahafali. Kila mtu ananiambia DSLR imeshakufa, niuze ninunue isiyo na kioo. Je picha zitakuwa kali zaidi? Na hizi lenzi zangu si natia adapta tu?

Jibu: Salama kabisa. Hapo kwenye "natia adapta tu" ndo pana mtego, tutafika.

Kwanza ukali. Kile kioo cha ndani ya DSLR, kinachorusha mwanga wa lenzi juu kwenye tundu la kuchungulia, hakipigi picha, sensa (kile kipande kinachonasa mwanga) ndo inapiga, na ukichukua sensa zinazolingana ukaweka moja kwenye DSLR na nyingine kwenye isiyo na kioo, ukazipa lenzi nzuri na mwanga uleule, sidhani kama utanitajia ipi ni ipi. Tofauti ipo kwenye fokasi. Kwenye D7200 yako mwanga kidogo unapenya katikati ya kile kioo, unagonga kioo kingine kidogo kwa nyuma, unashuka chini kwenye sensa nyingine kabisa ya fokasi, sasa hiyo njia ikipishana hata kidogo tu na njia ya kwenda kwenye sensa ya picha, kamera inakwambia tayari kumbe kope zimefifia na sikio ndo limetoka kali! Kwa f/1.8, yaani lenzi ikiwa imefunguka sana na sehemu inayotoka kali ni nyembamba, hilo nimeliona mara nyingi sana, na mwenye kamera anajilaumu mkono unatetemeka. Zisizo na kioo zinapima fokasi kwenye sensa ileile ya picha, hiyo shida inaisha, halafu zinalifuata jicho la mtu hata likiwa pembeni kabisa ya fremu. Kwa bibi harusi anayetembea huo ni msaada mkubwa, sitakudanganya.

Betri sasa. Tundu la kuchungulia la DSLR halili umeme wa maana, ila la kamera isiyo na kioo ni skrini, inakula muda wote. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera, Nikon D850 ambayo ni DSLR inafika picha 1840 kwa chaji moja, Nikon Z7 isiyo na kioo ni 330. Kwenye kazi utapata zaidi ya hapo, ila beba betri za akiba.

Kufa? Haijafa, ila haizai tena. Canon walishasema 1D X Mark III ya 2020 ndo DSLR yao kubwa ya mwisho, Nikon nao D6 na D780 ni za 2020 hiyohiyo, halafu nguvu zote zikahamia Z, kamera zao zisizo na kioo. Pentax peke yao ndo wameshikilia kioo. Kamera yako haitazimika kwa sababu hiyo, na lenzi za mlango wa F, kifungio cha lenzi cha kamera kama yako, zimetengenezwa tangu 1959, mitumba imejaa.

Sasa mtego. Adapta ya FTZ, ile ya Nikon ya kufunga lenzi za F kwenye kamera za Z, haina mota ya fokasi ndani. 35mm yako ya G ina mota yake, itafokasi vizuri tu. 50mm ya D inazungushwa na mota iliyo kwenye bodi ya D7200, ukiihamisha utazungusha kwa mkono, na kwenye harusi hiyo ni adhabu. Kwahiyo ukihama, hesabu bodi, adapta na 50mm mpya.

Kabla hujauza fanya hivi: weka kamera kwenye stendi, laza rula kwa mshazari, f/1.8, lenga namba moja tu. Piga mara kadhaa kwa kuchungulia, kisha piga kwa live view, yaani ukitazama skrini ya nyuma, maana hapo nayo inatumia sensa ya picha. Live view ikitoka kali kuliko ile ya kuchungulia, ingia Setup Menu, AF fine-tune (marekebisho ya fokasi), sogeza kidogo kidogo huku unapiga tena. Zikilingana na bado unakosa macho ya watu wanaotembea, basi hapo ndo anza kutafuta mteja.