Laptopu Imegoma Kuwaka Baada ya Kuapdeti BIOS? Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Ukiamka ukakuta laptopu inakuandikia "No bootable device" na jana yake ilikuwa inaapdeti BIOS, yaani ile programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, tulia kwanza. Wengi wanaamini hapo hapo kwamba diski imekufa, na ukiipeleka kwa fundi mwenye haraka atakwambia tupige Windows upya mambo yaishe. Mimi nahangaika na laptopu za ndugu na majirani hapa mtaani na nakwambia, nyingi ya hizo diski ni nzima kabisa, ila apdeti imerudisha setingi za kiwandani na mashine haijui tena ianzie wapi.

Na usiseme mbona sikuapdeti chochote, siku hizi apdeti za BIOS zinakuja humo humo kwenye Windows Update, wewe unabonyeza kuzima ukalale kumbe yenyewe ndo inaanza kazi. Muda huo skrini inaweza kukaa nyeusi, ikajizima na kujiwasha mara kadhaa, iache na chaja yake hivyo hivyo, ukiikatisha katikati ndo unaweza kuiua kweli.

Ikishatulia na bado imegoma, ingia BIOS. Washa halafu gongagonga kitufe mfululizo, Dell, Acer na ASUS nyingi ni F2, HP nyingi ni Esc kisha F10, ThinkPad ni F1. Tafuta ukurasa wa vifaa vya ndani uone kama jina la diski na ukubwa wake vimo. Vikiwemo, shida karibu kila mara ni setingi. Kuna dada jirani alishaambiwa anunue SSD mpya, nimeingia humo nakuta SSD yake inasomeka freshi, 256 GB, ila orodha ya kuwashia iko tupu, ile Windows Boot Manager inayoanzisha Windows haipo. Nikaiongeza kwa mkono, nikaielekeza kwenye faili la bootmgfw.efi lililoko folda ya EFI, Microsoft, Boot, nikasevu, ikawaka na kazi zake zote zimo.

Ukipata skrini ya bluu yenye "INACCESSIBLE BOOT DEVICE", hiyo kesi nyingine, mara nyingi apdeti imebadilisha namna ya kusoma diski. Humo humo BIOS angalia sehemu ya SATA au VMD, ndiko inakochaguliwa namna hiyo, kama iko RAID jaribu AHCI, kama iko AHCI jaribu RAID. Laptopu za zamani za mtumba nazo wakati mwingine Windows yake ilipigwa kwa Legacy, ile njia ya zamani ya kuwasha, apdeti ikaiweka UEFI, njia mpya, basi irudishe Legacy tu.

Sasa kinachotisha watu kuliko vyote ni ile skrini ya BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga data ya diski, inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Sio virusi na hujadukuliwa, ile chipu ya usalama inaitwa TPM imeona BIOS imebadilika ikaamua kufunga mlango. Na hata Windows ya Home inaweza kuwa imefunga diski yenyewe siku ile uliyoingia na akaunti ya Microsoft, ndo maana watu wanaapa hawajawahi kuweka kitu kama hicho. Chukua simu, nenda aka.ms/myrecoverykey, ingia na akaunti ile ile, utakuta namba zako, linganisha na zile herufi za utambulisho kwenye skrini maana ukiwa na mashine mbili utachanganya. Kama laptopu ni ya ofisi waulize watu wa IT, namba wanazo wao. Hapa fundi akiformati, data ndo imekwenda, usitegemee programu ya kuirudisha.

Ikiwaka, kabla hujafanya lolote piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu, na andika zile namba 48 kwenye karatasi. Apdeti nyingine ikija, kama Windows yako ina kitufe cha "Suspend protection" kwenye BitLocker (Home haina) kibonyeze kwanza, chomeka chaja, ndo uiruhusu. Na kama kwenu umeme unakatika katika, hakikisha betri imejaa.