Video inayoelea: maswali yenu

SWALI: Nafuatilia masomo YouTube huku nikiandika kwenye Word. Nikibonyeza kitufe cha kupunguza video inashuka pembeni vizuri, ila nikifungua Word tu, inafunikwa. Nakosea wapi?

JIBU: Kitufe hicho kina kazi nyingine. Hupunguza video ndani ya ukurasa wa YouTube, sawa na kubonyeza herufi i, kwa hiyo kikifunikwa kivinjari, video nayo imefunikwa. Wewe unahitaji dirisha dogo la kivinjari chenyewe, linaloelea juu ya programu nyingine; huitwa “Picha ndani ya picha”.

Kwenye Chrome, bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Itafunguka menyu nyeusi ya YouTube. Usichague kitu; bofya kulia tena palepale juu ya video, nje ya menyu hiyo. Sasa ndiyo inakuja menyu ya Chrome, yenye “Picha ndani ya picha”. Wengi huishia kwenye ile menyu ya kwanza wakidhani kompyuta yao haina uwezo huo. Firefox haina mzunguko: sogeza mshale juu ya video, kitufe kitajitokeza ukingoni, bofya.

Kivinjari unaweza kukishusha chini, lakini usifunge kichupo cha video. Ukikifunga, dirisha nalo linakufa, kwani picha inatoka humo.

Kama unategemea manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video, tumia Firefox. Chrome kwa kawaida huitoa picha ya video peke yake, na manukuu ya YouTube huchorwa na ukurasa juu ya picha, hivyo yanabaki nyuma. Firefox huyaleta tangu toleo la 100, la mwaka 2022.

SWALI: Kwenye simu yangu ya Android, nikitoka tu kwenye programu video inakatika. Na je, dirisha dogo linapunguza matumizi ya data?

JIBU: Simu iwe na Android 8 au zaidi. Fungua Mipangilio, Programu, kisha Ufikiaji maalum wa programu, halafu Picha ndani ya picha, uiruhusu programu husika. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Programu isipokuwepo kwenye orodha hiyo, walioitengeneza hawakuiwekea uwezo huo, na hakuna mpangilio utakaosaidia. Hata ikiwepo, kuna huduma zinazowabania wasiolipia.

Kuhusu data, usitegemee udogo wa dirisha. Ukiwa umechagua ubora wa juu wa picha, 1080p, video itaendelea kushuka 1080p hata kama dirisha ni la upana wa vidole viwili. Weka ubora wa chini, 360p, kabla ya kuifanya video ielee. Kwa ukubwa huo macho hayatatambua tofauti.