Shangazi Akujibu: "Mume wangu kamnyima mtoto Krismasi"

"Shangazi, mwanangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Shuleni walitengeneza kadi za Krismasi, yeye akaandika anataka baiskeli nyekundu na kwenda kwa babu kuona ng'ombe. Mwalimu akaituma picha ya kadi kwenye grupu la wazazi. Mwenzake kanunuliwa baiskeli ya laki tatu na nusu. Mume wangu anasema hela ni ya nauli ya Rombo na ada ya Januari. Mimi nilipokea mchezo wa upatu mwezi uliopita, ukanisaidia mambo yangu, sasa sina kitu. Nimemwambia mtoto Baba Krismasi alitaka kuja, baba yake kamzuia. Nifanyeje na mwanaume asiyejali? Mama K., Tabata."

Pole, Mama K. Kadi ya mwanao kuanikwa mbele ya wazazi wenzako inachoma.

Lakini mtoto kaomba mawili, wewe umesoma moja. Hilo la babu na ng'ombe mumeo analilipia, halafu unamwita asiyejali! Umeolewa uchagani, ulijua Desemba watu wanapanda nyumbani. Na shule ikifunguliwa Januari, wiki chache tu baada ya sikukuu, utadaiwa ada, viatu na madaftari. Nani atalipa, yule mama wa laki tatu na nusu? Wake wa siku hizi grupu la WhatsApp likisema, mume ndiye muongo. Usione vyaelea, vimeundwa. Hujui mwenzio kakopa wapi.

Kosa kubwa ni hilo la Baba Krismasi. Mtoto wa miaka 6 bado anaamini, na wewe imani yake umeigeuza fimbo ya kumchapia baba yake. Leo hii mwambie ulikosea, baba hakumzuia mtu.

Baiskeli inawezekana, ila ya mtumba. Umri huo chukua ya magurudumu ya inchi 16. Usidanganyike na ya inchi 20 eti "ataikulia": miguu haitafika chini, ataanguka mara mbili, kisha itageuka kamba ya kuanikia nguo. Nenda na mtoto akakalie siti. Ncha za vidole vya miguu yote miwili ziguse ardhi. Zungusha gurudumu uone kama linayumba, bana breki, angalia mnyororo kama una kutu. Rangi isikusumbue, kopo dogo la rangi nyekundu linatosha, ila fundi asipake kwenye rimu zinapobana breki, zitateleza.

Vigurudumu vya pembeni achana navyo. Fundi afungue pedali kwa spana namba 15 (ya kushoto hufunguka kinyume, asiilazimishe), ashushe siti, mtoto ajisukume kwa miguu mpaka ajue kujisawazisha. Pedali zirudi baadaye. Kwenye basi, toeni gurudumu la mbele na kugeuza usukani, itaingia kwenye buti. Ila muulizeni kondakta bei ya mzigo mapema, siyo siku ya safari. Tiketi nazo kateni sasa. Ukingoja tarehe 20 utamlaumu mumeo tena kwa kosa lako.

Hela ya baiskeli itoke wapi? Hapo ndipo barua yako inaponong'ona. Mchezo "ukanisaidia mambo yangu", mambo gani? Mumeo kaweka nauli na ada mezani, kila mtu anaziona. Na wewe weka zako, hata kama zimebaki risiti tu, kabla hajaanza kuuliza.