Kwa nini niliandika Ndiyo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza mtu wa Tanga, aliyekuja Glasgow na sanduku moja, alipata wapi uchungu wa uhuru wa Waskoti hata akapiga kura ya Ndiyo mwaka 2014, Uskoti ilipoulizwa kama ijitenge na Uingereza. Tena unanicheka eti nilitaka nchi isiyo na hata pesa yake.

Nianze na hiyo pesa, maana ndiyo iliyotugombanisha mimi na mama yako mwaka mzima wa 2014. Februari ile George Osborne, waziri wa fedha wa Uingereza wakati huo, alikuja Edinburgh kutangaza kwamba Uskoti ikijitenga, isahau kushirikiana pauni. Jirani zetu waliingiwa na baridi. Mimi nilimkumbuka babu yako. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, naye akaendelea kulipwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, ileile ya enzi ya Mwingereza. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966. Miaka minne na ushee tulikuwa huru bila noti yetu, na watu wa Ngamiani kule Tanga walinunua samaki kama kawaida. Kwa hiyo swali la "mtatumia pesa gani?" halikunitisha, nililikuta nyumbani.

La mafuta ya Bahari ya Kaskazini, tuliyotegemea yalishe nchi mpya, sawa, nilikosea. Kiangazi kile pipa lilipita dola 100. Januari 2016 lilishuka chini ya 30. Tungeanza na njaa kidogo. Mama yako hukumbusha hilo kila tukikaa mezani, na ana haki.

Lakini kilichonivuta hasa ni daftari la wapiga kura. Mskoti aliyezaliwa hapa akahamia London hakuwamo. Mimi, mwenye pasi ya Tanzania na kibali cha kukaa, nilikuwamo. Hata vijana wa miaka 16 walikuwamo. Wewe ulikuwa na 15 ukanuna wiki nzima, unakumbuka? Walihesabu anayeishi hapa, damu hawakuiuliza. Nchi inayoanza hivyo niliitaka.

Tulishindwa, 55 kwa 45, ingawa Glasgow yetu ilisema Ndiyo. Miaka miwili baadaye asilimia 62 ya Uskoti ilitaka kubaki Umoja wa Ulaya, tukatolewa vilevile kwa wingi wa kura za Uingereza nzima.

Ukija Desemba usiniulize habari ya pensheni. Muulize mama yako, ndiyo sababu aliandika Hapana, na mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Baba yako