Maktaba Bila Bando

SWALI: Habari za kazi, ndugu mjibu maswali. Nafundisha shule ya msingi ambako mtandao haushiki kabisa. Wanafunzi wananiuliza mambo ambayo vitabu vyetu havina. Nimesikia Wikipedia inaweza kusomwa bila intaneti. Ni kweli? Na je, kuinakili na kuigawa si wizi?
Mwalimu wa darasa la sita

JIBU: Salama, Mwalimu. Ni kweli, na nakuomba usisubiri mnara ujengwe ndipo uanze.

Nianze na hilo la wizi, maana limewazuia walimu wengi. Maandishi ya Wikipedia yana leseni huria: unaruhusiwa kuyanakili, kuyachapa na kuyagawa, mradi utaje yalikotoka na usimnyime mwingine ruhusa hiyohiyo. Waandishi wake wamejitolea ili yafike kwa watu kama wanafunzi wako. Wagawie kwa moyo mweupe.

Programu unayoihitaji inaitwa Kiwix. Ni ya bure, imekuwepo tangu 2007, na inafanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta. Kazi yake ni kufungua faili za aina ya ZIM, ambamo Wikipedia nzima imebanwa ndani ya faili moja. Ukishaipakua mara moja sehemu yenye mtandao, unatafuta neno, unafungua ukurasa, unabonyeza kiungo kinachokupeleka ukurasa mwingine, vyote bila bando.

Ukubwa ndio wa kuangalia. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi GB 100. Ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, ni ndogo mno ukilinganisha, na inaingia kwenye simu ya kawaida. Anza na hiyo. Faili nyingi zina matoleo matatu: lenye kila kitu, lisilo na picha, na lenye utangulizi wa makala tu. Kwa watoto chukua lenye picha, hata kama itabidi uache faili nyingine. Mtoto anayesoma habari za moyo anataka kuuona moyo wenyewe ulivyo.

Kuna jambo moja linalokatisha watu tamaa, nalieleza kabisa. Unachomeka memori kadi ina nafasi tele, unahamisha faili ya GB 6, kompyuta inakataa na kusema faili ni kubwa mno. Kadi si mbovu. Imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha ifomati upya kwa exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa. Faili itaingia.

Simu moja ikishazoeleka, ndipo mfikirie Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani. Inarusha waifai yake yenyewe bila kuunganishwa na intaneti, na wanafunzi wanasoma kwa simu au vishikwambi vilivyo karibu. Humo mnaweza kuweka pia Kolibri, programu yenye masomo, mazoezi na hadithi za African Storybook, nyingi zikiwa katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Lakini msianze na kifaa kabla hamjapata mtu wa kukitunza. Kwa maoni yangu hilo ni kubwa kuliko kifaa chenyewe: mtu mmoja anayejulikana, mwenye ufunguo wa kabati, anayechaji, na anayeleta faili mpya kila anapopita penye mtandao. Jina la faili huwa na mwaka na mwezi ilipotengenezwa. Waonyeshe wanafunzi tarehe hiyo, wajue kwamba yaliyotokea baadaye hayamo.

Halafu weka daftari pembeni. Watatafuta vitu wasivyovikuta kwa Kiswahili: mdudu fulani, ugonjwa wa mazao, mto wanaochota maji. Kila kilichokosekana kiandikwe. Wewe au mtunzaji mkifika penye mtandao, mnaweza kuandika makala hiyo wenyewe, maana Wikipedia huandikwa na wasomaji wake. Ila beba na jina la kitabu au gazeti lililothibitisha habari yenyewe, pamoja na ukurasa. Makala isiyo na chanzo huweza kufutwa.