Barua kwa mwanangu aliyeniuliza mbona hana raha

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Juzi usiku uliniuliza, "Mama, kazi ninayo, mke na watoto wazima, swala siachi. Mbona moyo hauna raha? Au Mungu amenikasirikia?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Usidhani kila huzuni ni ghadhabu ya Mungu. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, akawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Nabii mzima, na alilia.

Lakini ipo dhiki isiyoletwa na msiba wowote. Soma Suratut-Takaathur, ya 102, aya 8 tu: kushindania wingi kumewashughulisha watu mpaka wakaingia makaburini. Haikusema mali ni haramu. Imesema kumewashughulisha, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Nakuambia kwa kuwa umenipata na mimi. Dada yangu alipohamia nyumba yake mpya nilipiga vigelegele kuliko wote. Usiku niko juu ya mswala, vidole vinavuta tasbihi, moyo unahesabu vyumba vyake. Nikafika thelathini na tatu, sijui nimetamka nini. Asubuhi baba yako akaniamkia kwa upole wake ule ule, nikamjibu kwa mkato. Nyumba yetu haikupungua hata tofali moja, ila mimi tayari nilikuwa nikiiona kibanda.

Mtume wetu (s.a.w.) alisema mwanadamu akiwa na bonde la dhahabu hutaka la pili, na hakuna kijazacho kinywa chake ila udongo. Akatufundisha pia tumtazame aliye chini yetu, si aliye juu, tusije tukazidharau neema za Mungu. Mwanangu, katika maongezi yale ulimtaja mara tatu mwenzako aliyepandishwa cheo. Watoto wako uliwataja mara moja. Sikulaumu, nilihesabu kwa sababu naujua ugonjwa huo unavyozungumza.

Mimi nilianza kumwombea dada yangu kwa jina lake, nyumba ile Mungu aitie baraka. Siku za mwanzo ulimi ulikuwa mzito, nikiomba huku nimekunja uso. Sikuacha. Sijui ni lini hasa, ila siku moja nilikwenda kwake nikakaa mpaka magharibi, nikarudi bila kuhesabu kitu.

Na kama hulali wala huli, nenda ukamwone daktari. Mtume ametuamrisha tujitibu, na kwenda hospitali si upungufu wa imani.

Nipigie leo baada ya Isha. Niambie mwanao wa mwisho ameanza kutamka maneno gani, hilo hukuniambia.

Mama yako